Bomba la Kwenye Mikoko

Rafiki yangu mmoja ni fundi bomba, na si mtu wa porojo. Msimu wa wageni ulipokwisha, alikwenda kupiga kambi kwenye hifadhi ya ufukweni na mkewe, ambaye ndiye msaidizi wake kazini. Walikuwa peke yao.

Jioni alitaka kutembea kidogo. Mkewe alikuwa amevimba kifundo cha mguu, akabaki hemani. Bomba kuukuu la maji lilipita mlangoni na kufuata njia.

"Nikiligonga mara moja, ninakuuliza kama u salama," fundi alisema. "Ukiwa salama, gonga mara mbili, kama tufanyavyo kazini."

"Mguu ndio umevimba, baba watoto. Akili bado nzima."

Akaenda polepole. Kila alipogonga, ngo, alijibiwa: ngo, ngo. Moyo ukatulia, akazidi kwenda, hata giza likaanza kuingia kwenye mikoko.

Wakati wa kurudi, pale bomba lilipoachana na njia kidogo, akalifuata lenyewe katikati ya mawe. Huko akakuta limekatika zamani. Kutu ilikuwa imeila midomo yote miwili, na katikati palikuwa na mchanga mtupu wa kumtosha mtu kulala.

Akakimbia. Alimkuta mkewe njiani akichechemea, amenuna.

"Mbona hukugonga hata mara moja? Mimi nimegonga mpaka kiganja kinauma."

Fundi alimshika mkono, wakaanza kurudi hemani. Kule nyuma gizani, kwenye kipande alichokuwa akikigonga yeye, pakasikika, bila kuulizwa: ngo, ngo.