Kura Isiyo na Ndevu

Asubuhi ya uchaguzi kaka yangu Ambrose alikuwa ghalani, akiwahutubia mbwa wa kuwindia.

"Waheshimiwa," aliwaambia, "mkinichagua, mifupa ni bure!"

"Wote wamekukubali," nikamwambia. "Ila yule mwenye madoa amesinzia."

Baba yetu, Lodi Averell, alikuwa na kiti chake cha urithi katika Bunge la juu, kama baba yake na babu yake. Kiti cha Bunge la chini kiliombwa kwa wenye mashamba, na safari hii Baba alitaka Ambrose akipate. Kwa wiki tatu hatukuzungumza jingine mezani. Mpinzani alikuwa Bwana Fulke Tranter, mfuga kondoo.

Kwetu kura ilipigwa kwa koo. Wenye mashamba walikusanyika uwanjani, wakapaza jina la wamtakaye, na msimamizi akasikiliza ni mngurumo upi uliozidi. Wanawake na watoto tulitazama tu kutoka dirisha la juu la nyumba ya wageni.

"Tranter! Tranter!" vioo vikatetemeka. Kisha likaja "Averell!", lakini nililisikia limepwaya. Kando yangu palikuwa na faneli kubwa ya shaba, ya kumiminia bia kwenye mapipa. Nikajificha nyuma ya pazia, nikautoa mdomo wake mpana nje ya dirisha na kunguruma ndani yake, "Aveeereeell!" Sauti ikatoka nzito kama ya fahali.

Msimamizi akainua fimbo. "Averell ameshinda!"

Ambrose akabebwa juu kwa juu, kofia ikamdondoka. Nikacheka, mpaka nilipomwona Bwana Tranter, chini ya dirisha letu, akimfuta machozi binti yake aliyemkimbilia, msichana wa rika langu.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu," alimwambia. "Wenzetu wametuzidi."

Mezani, humo humo katika nyumba ya wageni, niliisukuma kando pai ya nyama. Nikamvuta Baba mkono.

"Baba, kura moja ya Ambrose haina shamba. Haina hata ndevu."

"Unasema nini, Thomasine?"

Nikamwonyesha faneli.

Mjomba Josias, kaka yake Mama, akadakia, "Funga mdomo, binti! Shemeji, jina linapelekwa London leo hii. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," Baba akasema, akatoka kumtafuta msimamizi.

Watu wakarudishwa uwanjani: wa Averell kulia, wa Tranter kushoto. Vikahesabiwa vichwa. Tranter akashinda kwa tisa.

Ambrose alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Afadhali wewe, bwana," alisema. "Koo lako limezoea kuita kondoo, bungeni halitakauka."

Uwanja mzima ukacheka, Tranter mwenyewe akiwamo.

Baba akaniita kando. "Ulitaka kumsaidia kakako, lakini ungemkalisha kwenye kiti cha mtu mwingine," alisema. "Kila akifungua mdomo, angekuwa anasema kwa wizi. Kushindwa kunauma, tutapona. Umekosa, na umesema mwenyewe kabla hujashikwa. Shika hivyo hivyo, mwanangu, hata pale ukweli utakapokugharimu."

Nikamwomba radhi msimamizi, kisha Bwana Tranter na binti yake. Niliporudi, Mjomba Josias alikuwa ananisubiri mlangoni, uso mwekundu.

"Umetuaibisha mbele ya wachunga kondoo! Nani alikutuma kusema? Haya, niombe radhi na mimi."

"Kwa kelele zangu nimeshaomba, Mjomba," nikamjibu. "Kwa kusema kweli, siombi."