Namba Nzuri za Delia

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi chini ya kilima, Delia Stollings alijitoboa kidole, akasoma sukari yake kwenye kipimo na kuiandika katika daftari la jikoni. Kisha alijidunga sindano ya insulini tumboni na kukaa mezani kula mayai. Alipima tena mchana, jioni na kabla ya kulala. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kisukari kilimwanza akiwa darasa la tatu.

Mama yake, Tonya, alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi katika hospitali ya wilaya, miaka tisa sasa, zamu ya usiku. Alipofika nyumbani, macho yakiwa mekundu, jambo la kwanza lilikuwa kulisoma lile daftari na kutia alama ya vema. Babu Virgil, aliyemaliza mapafu yake katika machimbo ya makaa ya mawe, aliwatazama wote wawili kutoka kwenye kiti chake na kukohoa.

Tonya alitaka kurudi chuoni. Jumapili moja, walipokuwa wakila maharage na mkate wa mahindi, Babu alimuuliza, muuguzi anasomea nini tena wakati ameshakuwa muuguzi. Tonya akaeleza kwamba kuna shahada za juu za namna nyingi. Wengine husomea ukunga, wengine afya ya akili, wengine watoto wachanga. Wapo wauguzi wa familia, ambao humpima mgonjwa na kumwandikia dawa kama daktari. Na wapo wa nusukaputi, wanaomlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, kisha wakakaa kichwani pake wakilinda kila pumzi mpaka aamke. Yeye alitaka hiyo ya mwisho.

"Yaani utalipwa kwa kulaza watu?" Babu akasema. "Mchungaji wetu anafanya kazi hiyo kila Jumapili."

Tonya alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Chuo kilikuwa mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Nafasi zilikuwa ishirini tu, na waombaji mamia. Alikuwa amekataliwa mara mbili. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, aliitwa kwenye usaili.

Siku chache baadaye Delia alimsikia akiongea na rafiki yake kwenye simu. Sukari ya mtoto ikiyumba tena kama mwaka jana, Tonya alisema, nitaachana na habari za chuo. Siwezi kumwacha akiwa katika hali ile.

Asubuhi iliyofuata kipimo kilionyesha mia mbili na tisini, juu mno. Delia aliitazama namba ile, kisha akaandika mia moja na thelathini. Mama alipotia alama yake ya vema alitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomharibu Delia. Wiki moja baadaye hakujisumbua tena kujitoboa kidole. Alibuni namba tu, moja juu kidogo, nyingine chini kidogo, zifanane na za kweli. Na kwa kuwa hakujua sukari yake ilikuwa wapi, aliogopa kujidunga, insulini isije ikaishusha mno. Akaanza kuruka sindano ya mchana, kisha hata za jioni.

Shuleni, ambako muuguzi alifika Jumanne tu, alikunywa maji bila kukoma na kuomba ruhusa ya kutoka kila kipindi.

"Mara ya tano leo," Brandi, jirani yake wa dawati, alimwambia. "Umepanga chumba huko chooni?"

Darasa likacheka. Delia naye akacheka.

Siku ya usaili Tonya alivaa suti ya buluu aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Delia alikuwa ametapika mara mbili. Mama yake alimgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Ugonjwa wa kutapika ulikuwa umeenea shuleni wiki ile.

"Umepima sukari?"

"Nimepima. Mia moja ishirini na nne."

Tonya akambusu, akaondoka.

Alikuwa ameendesha saa nzima Babu alipompigia simu. Mtoto anahema kama aliyepanda mlima, alisema, na ukimwita anakuitikia kwa shida. Tonya akamuuliza pumzi yake inanuka nini. Kama matunda yaliyooza, Babu akajibu. Tonya akamwambia aite gari la wagonjwa sasa hivi. Kisha akageuza gari.

Delia alizinduka hospitalini, mirija mikononi. Kwa kukosa insulini, damu yake ilikuwa imejaa asidi. Siku ya tatu alikuja Bi. Harless, muuguzi bingwa wa kisukari, akiwa na daftari mkono mmoja na kipimo mkono mwingine.

"Daftari lina namba mia moja na tano za mwezi huu," alisema kwa upole. "Kipimo hiki kinahifadhi kila tone la damu linalopimwa, na kina kumi na moja tu. Hizi nyingine zimetoka wapi, binti?"

Delia akasema kila kitu, pamoja na ile simu aliyoisikia. Tonya alikuwa amesimama dirishani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, na alikawia kurudi.

Chuo kiliandika barua fupi: pole sana, nafasi zimejaa, omba tena mwakani. Lakini mwakani masomo yake ya kemia, ambayo chuo kiliyakubali kwa miaka kumi tu, yangekuwa yamepitwa na muda, na angelazimika kuyarudia yote kabla ya kuomba. Tonya hakuomba. Muhula uliofuata alianza shahada ya uuguzi wa familia, ambayo aliweza kuisomea nyumbani huku akifanya kazi.

Delia alikuwa akipima mara nne kwa siku, Bi. Harless akikagua kipimo chenyewe kila wiki, na sukari yake ilitulia. Mchana mmoja alimkuta mama yake amezungukwa na vitabu, akamuuliza kama anaipenda kozi ile.

"Naizoea," Tonya akasema. "Sio niliyoitaka."

"Bado una hasira na mimi?"

Tonya alifunga kitabu. "Siku nyingine, ndiyo. Sitakudanganya. Ungeniambia ukweli, Delia, tungepanga. Ningeomba likizo, Bi. Harless angekuangalia, pengine ningekwenda, pengine ningebaki. Lakini ningechagua mwenyewe. Ukimdanganya mtu, hata kwa kumpenda, unamwamulia maisha yake bila yeye kujua. Wewe uliniamulia, na nusura ufe."

Delia aliinamisha kichwa. Mama yake akamsogezea kiti, akafungua kitabu tena, na Delia akakaa kando yake.