Mstari wa Mafuta

Duka la vipodozi lilijaa wanawake mchana huo, kila mmoja na kikapu chake, na mbele ya foleni alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anapaka rangi ya kucha kwenye kijiko cha plastiki. Alipaka ya kijani, akakiinamisha kijiko kwenye taa, akasonya. Akafungua chupa nyingine. Foleni ikaanza kuguna.

Nyuma yake alikuwepo mpaka kucha, mpakaji wa rangi za kucha, wa saluni ya ghorofani, aliyeshuka kununua pamba. Alivaa gauni la manjano lenye mfuko mbele, na miaka yake thelathini na minne ilikuwa imemtoa woga wa kumsemesha mtu.

"Kaka, mkeo anapenda kijani gani hasa? Tukusaidie, sote tutoke hapa."

"Sina mke. Ni ya helikopta."

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililomponza dada wa watu, maana mwanamume anayechekwa na foleni nzima asikasirike si wa kuokotwa kila siku.

"Helikopta ya jeshi haing'ai," alieleza kwa upole. "Iking'aa inaonekana, ikionekana inapigwa. Na hizi zote zinang'aa."

"Changanya na poda ya uso. Tone la rangi, poda kidogo kwenye ncha ya kijiko. Mng'ao unakufa kabisa."

Aliomba namba yake ya simu, eti kwa ajili ya siku poda itakapokataa. Siku ya tatu simu ililia naye ameshika mkono wa mteja.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Wa helikopta. Poda imekubali."

"Umenipigia kunipa habari za poda?"

"Sikupata kisingizio kingine."

"Na umeniandika nani huko kwenye simu? Jina sikukupa."

"Mpaka Kucha."

"Mpaka kucha tu? Kukikucha unanifuta?"

Upande wa pili kikaja kicheko kizito, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. "Basi kila kukikucha nitakuandika upya." Dada wa mpaka kucha, mwenye saluni, alikuwa amezima mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya miezi miwili saluni nzima ilijua kwamba Jumapili mchana mpaka kucha hapatikani. Alikuwa kwa fundi wake, yule wa helikopta, chumba cha ghorofa ya tatu, juu ya karakana ambako siku za kazi fundi huyo alitengeneza feni. Zamani alikuwa fundi wa helikopta jeshini, miaka kumi na mitano. Aliacha miaka mitatu iliyopita, na akiulizwa kwa nini, alisema feni zina mapanga vilevile ila haziondoki chini.

Mezani, karibu na dirisha, zilikuwepo helikopta ndogo zilizokamilika na moja isiyokamilika, ndefu kama rula ya shule. Vipande vya plastiki alivikata kwa kikata kucha, akavilainisha kwa tupa ya kucha, akavishika kwa kibano.

"Hee," alisema bibie siku ya kwanza, "kumbe wewe ni mpaka kucha mwenzangu, ila wateja wako hawana maneno."

"Nilikuwa sina wa kuongea naye. Sasa ninaye, anaongea mpaka gundi inakauka."

Alimpa kazi ya kumpaka rubani, kijitu kikubwa kama punje ya maharage. Kwa brashi ya nywele tatu alichora macho, nyusi, kola ya sare.

"Mdomo nimuwekee vipi, mpenzi?"

"Anacheka. Huyo alikuwa anacheka kila saa."

Hivyo akajua kwamba rubani alikuwa mtu kweli, rafiki wa fundi, aliyeanguka na helikopta kama hii, akaacha mke. Fundi alimwita mke huyo shemeji, na kazi hii ilikuwa ya kumpelekea yeye. Zaidi ya hapo hakueleza.

"Ameshasema neno?" dada alimuuliza saluni.

"Bado."

"Miezi minane anakupakisha rangi vidude, hajasema neno. Mdogo wangu, utazeeka umeshika brashi."

Lilimchoma, kwa sababu ni kweli. Alitaka kuolewa, na alitaka kuolewa na huyu tu. Kwa hiyo Jumapili moja fundi alipomshika kidevu akamwambia, "Nikimaliza hii, laazizi, nina jambo zito la kusema," moyo wake ulienda mbio, akarudi nyumbani anachagua kitambaa cha gauni kichwani. Hakuuliza jambo hilo ataambiwa nani.

Jumamosi ya kuipeleka ikafika. Fundi alitoka kutafuta boksi la kuibebea. "Kaa uilinde na nzi," alimwambia, akambusu kwenye paji la uso.

Aliizungusha taratibu kwa ncha ya kidole. Kila kitu kilikuwa kizuri, ila ubavuni, chini ya injini, palikuwa na mstari mweusi wa mafuta, mrefu kama nusu ya kidole, umetiririka kuelekea mkiani. Kwa jicho la aliyefuta kingo za kucha za watu miaka kumi na miwili, uchafu ni uchafu. Mjane apelekewe kitu kina mafuta? Aibu ya nani, kama si ya mpaka rangi? Alitoa pamba na chupa ya asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, akafuta mara mbili. Mstari ulitoka. Plastiki nayo ililainika chini ya pamba, ikafanya ukungu. Akashtuka, akapaka rangi ya kijani juu, akaifunika kwa vanishi yake ya kucha. Fundi alipopanda ngazi na boksi, ubavu ulikuwa unang'aa.

"Mstari uko wapi?"

"Mstari gani?"

"Wa mafuta. Ulikuwa hapa."

"Nimeufuta. Kwani wewe hukuuona?"

Fundi aliketi kitandani, boksi bado mkononi. "Niliuona," alisema. "Asubuhi ile niliuona, hapa hapa. Tulikuwa tumechelewa. Rubani kakaa kitini ananicheka, ananiambia, fundi, unaipaka wanja? Nikachukua kitambaa nikafuta. Nikatia sahihi kwamba chombo ni kizima. Hakikurudi. Wakasema ni hali ya hewa, na hakuna aliyeniuliza."

Bibie alikuwa bado ameshika pamba. Akaiweka chini.

"Nimeupaka mstari huo wiki tatu mpaka ukafanana. Nilitaka shemeji auone, aniulize, fundi, hii nini? Nimjibu. Bila kuulizwa nimejaribu miaka mitatu, mdomo haufunguki."

"Na lile jambo ulilosema una la kusema..."

"Ndilo hilo. Ulidhani lipi?"

Bibie aliona haya mpaka masikio yakawaka, na chini ya haya ulikuwepo uchungu, maana alikuwa amefuta kama alivyofuta fundi, kwa nia njema, na kwa pamba badala ya kitambaa.

"Nitaupaka tena. Nipe saa moja."

"Nenda nyumbani, dada."

Hakuwahi kumwita dada kabla. Alishuka ngazi akalia njia nzima bila kujifuta.

Wiki tatu simu ya fundi haikupatikana. Dada mtu alisema maji yakimwagika hayazoleki, akaongeza na mengine yasiyofaa kuandikwa. Wiki ya nne simu ikalia.

"Ni mimi."

"Nakujua."

"Sijaipeleka. Nimekaa nayo tu, naitazama inavyong'aa. Nimekukosa, kipenzi, mpaka feni za watu nafunga kinyume."

Alicheka na machozi pamoja. "Twende wote. Mstari haupo, lakini mdomo upo. Ukianza tu, mengine yatakuja."

"Utanishika mkono?"

"Nitakushika, na sitauachia."

Jumapili walikwenda, yeye katika gauni la manjano, fundi katika shati lake jeupe. Mjane aliwakaribisha sebule ndogo yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Alivaa miwani, akaipokea helikopta kwa mikono miwili.

"Anacheka," alisema, akimtazama rubani. "Alikuwa hivi hivi." Kisha akapitisha kidole ubavuni. "Na ilivyo safi. Watu waliniambia maneno mengi, shemeji, mara chombo kibovu, mara mafundi. Nikiiona safi hivi, moyo unatulia." Akavua miwani. "Ulinambia kwenye simu una jambo. Lipi?"

Kaulizwa. Bibie aliubana mkono wa fundi. Fundi alivuta pumzi, akafungua mdomo.

"Shemeji," alisema, "huyu ndiye aliyepaka rangi. Nataka kumuoa."

Mjane aliinuka akawakumbatia wote wawili, akalia kwa furaha, akasema marehemu angefurahi. Neno lililosubiriwa miezi yote ile lilisemwa, na lilisemwa ili jingine lisisemwe. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo posa aliyopata.

Barabarani walitembea mpaka kwenye kona ya duka la viatu.

"Ungemwambia lile," aliuliza bibie, "ungeniposa?"

Katika mambo madogo fundi hakuwa mwongo. "Nisingekuwa na uso wa kumposa mtu."

"Kwa hiyo njia ni hii tu."

"Ni hii. Tukae kimya wawili. Tutazoea, mpenzi."

"Kila shemeji yako akiniona atanishukuru kwa ile rangi."

"Nakuomba."

Alimpenda. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na alijua akimtazama usoni mara moja zaidi atakubali. Aliwaza kurudi kwa mjane akaseme mwenyewe, lakini siri haikuwa yake, na mama yule alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Aliutoa mkono wake taratibu.

"Kwaheri, fundi."

Alhamisi alikuwa anampaka mteja wa pili wa asubuhi, simu ikalia. Dada akazima mashine ya nywele.

"Mdogo wangu," ilikuwa sauti ya mjane, changamfu, namba alikuwa ameichukua Jumapili ile sebuleni, "nimeshona gauni langu la harusi yenu tayari, sijui hata tarehe. Shemeji simpati kwenye simu tangu Jumapili. Mzima kweli? Yupo hapo?"

Mteja alikuwa amekaa na vidole vilivyonyooka, akisubiri.

"Yupo, dada," alisema. "Mzima. Anakusalimu sana."