Mashua Aliyoiunda Jerko

Asubuhi ya kuishua mashua majini, wanaume wanane walijaribu kuiinua ikawashinda. Wiki moja nyuma wanne tu walikuwa wameigeuza uani ili ipakwe rangi. Perina, mlangoni na sinia la tini kavu na chupa ya pombe ya zabibu, alimsikia mumewe Jerko akiwatania kwamba leo wake zao wamewanyima chai. Walicheka, lakini kila mmoja alikuwa akiangalia viganja vyake.

Kwa miaka sita Jerko aliiunda mashua ile nyuma ya nyumba yao, katika kisiwa kimoja cha pwani ya Dalmatia. Mkuku wake, boriti ya chini inayobeba chombo chote, aliuchonga kutoka mti wa mwaloni uliosimama peke yake kilimani, ambao wachungaji hawakukubali hata kupumzika chini yake. Perina alimsihi auache.

"Mti ni mti, Peri," alimjibu, na yakaishia hapo.

Kwa kuwa haikuinulika, wanaume waliivuta juu ya magogo hadi majini. Don Vicko, padri wa kijiji, aliinyunyizia maji ya baraka, na Perina akaona matone yakikauka kabla hayajagusa mbao. Harufu ya udongo mbichi ikapanda, kama wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Alipomnong'oneza padri, padri alisema naye ameona, ila Jerko ameshapanda.

Tanga lilikuwa bado limefungwa na upepo ulivuma kuja nchi kavu, lakini mashua ilijitoa ufukweni, ikakaza mwendo dhidi ya upepo ule, Jerko akihangaika na usukani uliokataa kugeuka, boti ya injini ikimfukuza bila kumkaribia hata kidogo, na Perina, aliyekuwa ameingia baharini hadi kiunoni, akaisikia sauti ya mumewe sikioni pake kana kwamba wamelalia mto mmoja: "Peri, kuna mtu amenikalia kifuani."

Kisha mashua ikasimama. Watu wa boti ya injini wakaivuta hadi ufukweni, wakamrudisha Jerko akiwa mzima, hana hata tone la maji mwilini. Akawashukuru mmoja mmoja, akasema chombo kile kina mkosi, kichomwe. Don Vicko aliafiki. Moto, alisema, utalifukuza lililomo.

Perina aliisogelea mashua pale kwenye kokoto za ufukweni. Ndani ya mkuku kitu kilikuwa kikigonga.

"Peri, niko huku," sauti ya Jerko ilisema chini chini. "Usiwaache wanichome."

Aligeuka. Mumewe alikuwa nyuma yake na dumu la petroli, akimtazama bila kupepesa macho.

Alijitupa juu ya mbao. Wanaume wakambandua kwa upole, wakamwambia hofu imemchanganya, amshukuru Mungu mumewe amepona. Akawaapia kwamba yule siye. Don Vicko alimshika mabega akasali, na moto ukawaka, na sauti ile, ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, iliendelea kumwita hadi mlingoti ukaanguka.

Ndipo mkono wa baridi wa yule aliyerudi ukaushika wake, ukamwongoza kupanda ngazi za mawe kuelekea nyumbani. Majirani walisogea kuwapisha, wengine wakifuta machozi ya furaha. Perina alikwenda na mkono ule.