Mstari wa Kumi na Saba

Mwalimu wa darasa la nne aliufuta mstari wa kumi na saba wa orodha ya mahudhurio kwenye kompyuta kwa mara ya tatu wiki ile, na kwa mara ya tatu ukarudi: jina la mtoto, na mbele yake neno Yupo. Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi miwili kaburini.

Walimu wenzake walimwita mwalimu huyu Chapuchapu, naye alilipenda jina hilo. Wao waliita majina kila asubuhi, mtoto mmoja mmoja. Yeye aliandika Yupo kwenye kisanduku cha juu, akashuka na Shift hadi cha mwisho, akabonyeza Control na D, safu nzima ikajaa. Watoto arobaini kwa sekunde tatu, bila kuinua kichwa. Uvivu mtupu, tuseme ukweli. Siku moja ya mvua binti wa fundi cherehani, yule wa mstari wa kumi na saba, hakufika shule. Aliteleza njiani, akatumbukia kwenye shimo la msingi lililojaa maji. Hakuna aliyemtafuta mpaka jioni, maana orodha ilisema yupo. Aliyefukuzwa kazi ni mlinzi wa geti, eti alimwachia atoke. Mwalimu akajikausha kama hayamhusu.

Sasa darasa lilinuka tope. Jumatatu ilikuwa harufu tu. Jumanne kiti cha marehemu kilikutwa kimelowa. Alhamisi, saa nne asubuhi, jua linawaka, mwalimu akiandika ubaoni alisikia nyuma yake mtu anahema kama anayevuta maji badala ya hewa, kisha nyayo zilizolowa zikaja polepole katikati ya madawati, chwa, chwa, na watoto wakaendelea kunakili kana kwamba hawasikii kitu, na ubaridi ukaja kusimama kwenye kiwiko chake, ukatulia pale, kama mtoto aliyeleta daftari lisahihishwe. Hakugeuka.

Jioni alikimbilia kwa shangazi yake, mganga wa kupunga majini, akamsimulia yote.

"Si mtoto huyo," shangazi alinong'ona. "Ni jini la shimoni. Umemwandikia kiti, kaja kukikalia. Nitamtoa, lakini kwanza nenda kwa mama wa marehemu ukaseme ulichofanya. Bila hivyo hatanisikia."

"Shangazi, nitafukuzwa kazi."

"Basi kaa naye."

Akaenda. Alisema yote, macho chini, kuanzia zile sekunde tatu mpaka kiti kilicholowa. Cherehani ilisimama.

"Kumbe mlinzi hakuwa na kosa," mama alisema. "Nilimtemea mate usoni, mwalimu. Mbele ya wanawe."

"Nisamehe, mama."

"Na huyo wa kwenye kiti, anafanana naye?"

"Sijathubutu kumtazama. Lakini si yeye, mama. Ni jini, shangazi yangu anasema atamtoa."

"Najua." Mama alikata uzi kwa meno. "Shangazi yako asimguse. Utaandika yupo kila siku. Siku utakayomfuta, naenda kwa mkuu wa shule na kumwambia kila kitu."

Mwalimu alitaka kusema kuhusu mlinzi. Aliikumbuka kazi yake, akaitikia kwa kichwa.

Mama aliinuka, akatoa kabatini sare mpya iliyokunjwa vizuri, akamwekea mikononi.

"Mpe abadilishe, asikae na nguo mbichi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeiongeza urefu kidogo. Atakuwa amekua."