Gurudumu Kubwa Halimfai Kila Mtu

Juu ya kilima kimoja aliishi mfugaji wa kuku pamoja na mkewe. Mfugaji huyo alikuwa mrefu kupita kiasi. Akiingia mlangoni anainama. Akitoka anainama. Akiokota mayai bandani anajikunja mpaka kuku wanamhurumia. Watu walimwita Mlingoti.

Mkewe alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa ulimi.

Kazi waligawana. Kila asubuhi mke alibeba trei za mayai, akateremka kwa miguu hadi kwa mwoka keki, chini ya kilima. Njia ilikuwa nyembamba. Ilipinda huku, ikapinda kule, ikipita kati ya kuta za watu na kamba zao za nguo.

Mlingoti yeye alifuata chakula cha kuku, mbali, kwenye mashine ya kusaga. Barabara yake ilikuwa ndefu na iliyonyooka, lakini imejaa mawe na mashimo. Alipanda baiskeli ya milimani, ya zamani, yenye magurudumu madogo. Magoti yake yaligonga usukani. Ukimwona kwa mbali, ungedhani panzi kaiba baiskeli.

Siku moja Mlingoti alirudi nyumbani akisukuma baiskeli nyingine. Ilikuwa ya milimani pia, lakini magurudumu yake yalikuwa makubwa.

"Hii ni yako, mke wangu," alisema. "Umetembea vya kutosha."

Mke alifurahi, akamkumbatia kiunoni, maana mabegani hakufika. Kisha akaitazama vizuri ile baiskeli.

"Mbona magurudumu makubwa hivi?"

"Inchi ishirini na tisa!" Mlingoti alijibu kwa fahari. "Yangu ni ishirini na sita tu. Nimekuchagulia kubwa kwa sababu nakupenda."

"Na kiti mbona kiko juu kama kiota?"

"Utazoea."

Kesho yake mke alifunga trei kwenye karia nyuma ya kiti, akapanda kwa kukanyaga jiwe, akaondoka. Mlingoti alisimama juu akimtazama kwa raha. Raha yenyewe iliishia kwenye kona ya kwanza. Kona ilipinda, lakini baiskeli haikupinda. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya fundi cherehani. Mke akatokea upande wa pili amevaa shuka la watu.

Alirudi akichechemea.

"Pole, mke wangu! Mayai yako wapi?"

"Mengine ukutani kwa fundi cherehani. Mengine haya hapa kichwani."

Siku iliyofuata alishika breki mapema. Baiskeli ikasimama vizuri kabisa. Akashusha mguu akanyage chini. Chini hakufika. Akaanguka polepole kama mti unaokatwa, yeye na trei zake.

Jioni ile mwoka keki alipanda kilima mwenyewe, akihema.

"Jamani, mimi naagiza mayai, naletewa uji!" alisema. "Jumamosi nina keki kubwa ya harusi. Mayai yakija yamepasuka tena, natafuta mfugaji mwingine."

Mlingoti akahisi moyo umeshuka hadi kwenye magoti yake marefu. Huyu mama ndiye aliyenunua karibu mayai yao yote.

"Mimi narudi kutembea," mke alisema mgeni alipoondoka.

"Kwa hiyo zawadi yangu haina maana?"

"Zawadi yako nzuri sana, baba watoto. Tatizo lake inataka kuniua."

Mlingoti alinuna. Mke naye akanuna. Hata kuku bandani walinyamaza.

Bahati njema, kesho yake walipata mgeni. Alikuwa shangazi yake mke. Zamani shangazi huyu alishindana mbio za baiskeli milimani. Sasa nywele zimekuwa nyeupe, lakini alikipanda kile kilima kwa baiskeli yake bila kushuka.

"Shikamoo, shangazi," Mlingoti alisalimu.

"Marahaba, mkwe." Shangazi akaona plasta kwenye goti la binti wa kaka yake. "Nini tena hiki?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti ya juu. Shangazi akasikiliza, kisha akauliza, "Wewe binti, njia yako ikoje?"

"Nyembamba, shangazi. Kona tupu."

"Na yako, mkwe?"

"Ndefu. Mawe na mashimo hadi nakufa kwa mgongo."

Shangazi akacheka. "Sikilizeni. Gurudumu kubwa likikuta shimo linapita juu yake. Likikuta jiwe linalipanda. Na likishashika mwendo halitaki kusimama. Kwa safari ndefu kwenye barabara mbovu, linakupumzisha. Lakini ni zito kuanza kuzunguka, na kwenye kona linataka nafasi."

"Na dogo?" mke aliuliza.

"Dogo huanza upesi na kugeuka upesi. Kwenye kona za kubana linakutii. Ubaya wake, kila shimo linalihisi. Safari ndefu itakuchosha."

"Lakini kubwa ndilo bora," Mlingoti alishikilia.

"Bora kwa safari gani, mkwe? Sufuria kubwa ni bora, lakini utachemshia yai moja?"

Mlingoti akakuna kichwa. "Na hiyo yako, shangazi?"

"Ishirini na saba na nusu. Ya katikati. Mimi leo niko msituni, kesho barabarani, sina njia moja. Inageuka vizuri kiasi, na mashimo inayavuka kiasi."

Mlingoti akaruka. "Basi nimeelewa! Nabadilisha magurudumu!"

Kabla hawajamzuia, alikuwa ameshika spana. Akafungua gurudumu la mbele la baiskeli yake ndogo. Akafungua na lile kubwa la baiskeli ya mkewe, akalisukuma mahali pa lile dogo. Halikuingia. Akalisukuma kwa goti. Likaingia nusu, likakwama. Likawa haliendi mbele wala halirudi nyuma.

"Hongera," mke alisema. "Sasa hatuna baiskeli hata moja."

"Fremu na breki hutengenezwa kwa ukubwa wa gurudumu lake," shangazi alieleza, huku akimsaidia kulichomoa. "Usibadilishe magurudumu, mkwe. Badilishaneni baiskeli."

Mlingoti akaitazama baiskeli kubwa, kisha ndogo.

"Baiskeli nzima?" Mlingoti aliuliza.

"Nzima."

Mke akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini. Mlingoti peke yake hakucheka.

"Lakini ile nilikupa wewe, kwa mapenzi," alisema kwa unyonge.

"Nami nimeipokea. Sasa mimi nakupa wewe, kwa mapenzi vilevile. Chukua kubwa, mume wangu."

Hapo uso wa Mlingoti ukakunjuka.

Wakarudisha kila gurudumu kwenye baiskeli yake. Shangazi akawasimamisha, kila mmoja na baiskeli katikati ya miguu. "Nyayo zote mbili zikanyage chini, na bomba la juu la fremu lisikuguse. Gurudumu peke yake halitoshi. Fremu nayo ikufae." Baiskeli ziliwaenea wote wawili. Akashusha kiti cha mke na kupandisha cha mume. Kwenye baiskeli ndogo akapunguza upepo wa matairi kidogo. "Yatalainisha mashimo. Usipunguze mno, rimu itagonga mawe." Mke akatandika nyasi kavu chini ya trei, akazifunga vizuri.

Jumamosi ilifika. Mke alishika kona ya kwanza, akapinda. Ya pili, akapinda. Fundi cherehani alikuwa ameshaanua nguo zake kwa woga, lakini safari hii alipigiwa kengele tu na kupungiwa mkono. Mwoka keki akageuza yai moja moja akitafuta ufa. Hakuupata.

Mlingoti naye alipaa kwenye barabara yake. Magoti yalizunguka bila kugonga kitu. Mawe yaliyokuwa yakimtikisa meno aliyapita akipiga mluzi. Akarudi na gunia la chakula cha kuku kabla uji wa asubuhi haujapoa.

Keki ya harusi ikasifiwa. Mwoka keki akataka mayai mara mbili ya zamani, tena kila siku. Mke alipoleta habari hiyo, Mlingoti alishangilia, kisha akaingia bandani na kuinama mbele ya kuku.

"Mmesikia? Mara mbili!" aliwaambia.

Kuku wakamtazama tu. Mmoja akafumba macho, akaendelea kulala.

"Waache, baba watoto," mke alisema mlangoni. "Hawa mwendo wao ni yai moja kwa siku, na hawana baiskeli ya kubadilishana."