Mkono Ndani ya Mtungi

Shika sikio lako la kushoto. Sema: "Neno hili likinitoka, wali ugeuke mchanga kinywani mwangu." Umesema? Haya, sogea. Mimi nami niliapishwa hivyohivyo na Hanifa, jikoni kwake, lisitoke nje ya ukoo wao, na nimejitahidi sana. Lakini limeniwasha kooni mpaka usingizi unanikimbia. Leo nalitema.

Ilikuwa miaka ile biashara ya nje imepamba moto, kila mwenye duka anakwenda Dubai na kurudi na jambo. Jirani yangu Mudathiri, muuza vitambaa hapa Kyela mjini, alirudi na kisanduku cheusi, ukubwa wa tofali.

"Bibi Damari," akaniambia, "humu mna picha zote za nyumba yangu. Kompyuta ya dukani na ya sebuleni zinachota humu kwa waya, kama nyumba mbili zenye kisima kimoja."

Nikamuuliza, "Na kisima kikikauka?" Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, marehemu.

Maana alikufa. Na kisanduku nacho kikafa wiki ileile.

Sasa sikiliza kilichokuwemo. Siku ya Idi Mudathiri alikaa mbele ya kamera, akiwa na afya na akili zake, akatamka kwamba nyumba hii amempa mkewe Hanifa, ni mali yake tangu siku hiyo. Pembeni yake aliketi mdogo wake, Ahmada, akasema, "Nimesikia, nashuhudia." Walikuwa watatu tu chumbani, pamoja na Hanifa, na kamera. Msiba ulipokwisha, Ahmada akageuka. Alilia vizuri, akamwita Hanifa "shemeji yangu kipenzi," kisha akasema neno hilo halikumbuki hata kidogo.

"Lakini picha ikionekana," akasema, "mimi ni nani nibishe?"

Wazee wa ukoo wakapanga kuamua jioni ya arobaini. Bila picha, Hanifa anafunga mizigo.

Na huku mtaani Ahmada akawa ananong'ona kwamba kisanduku kina jini, kisifunguliwe, na kwamba aliyekipulizia ni kile kikongwe cha Kinyakyusa cha jirani, chenye chatu wa kichawi tumboni. Mimi! Tumboni mwangu mna gesi ya maharage tu.

Jioni yenyewe ilipofika, jua likiwa linazama, Hanifa akaniita juu ya ua.

"Bibi, nisaidie mtungi wako. Fundi anauomba."

"Fundi wa kompyuta anataka mtungi? Anapika pombe?"

"Njoo nao tu, bibi. Ndaga, asante."

Nikaubeba mtungi wangu wa Kikisi, nilioununua kwa wafinyanzi wa Matema, mdomo mwembamba na tumbo la mwenye mashine ya mpunga. Chumbani nikamkuta Lutengano, fundi aliyetoka Mbeya, jasho linamtiririka. Kisanduku amekipasua. Mkononi ameshika bati zito, pana kama kiganja.

"Huu ndio moyo wake, bibi. Diski. Ikipata joto inakwama. Ikipoa inasoma kidogo. Jokofu lingefaa, ila umeme wenu…"

"Umeme wetu una nini?"

"Una mapepe."

Akajaza mchanga mbichi mtungini mpaka nusu, akaifunga diski kwa nailoni mara mbili, akaitumbukiza kwa ubavu. Tukasubiri. Unajua mtungi wa Kikisi unavyopoza maji. Alipoitoa diski ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaiunga na waya wa kompyuta.

Tik… tik… tik…

Hanifa akanibana mkono. Kwenye kioo akatokea Mudathiri, kanzu nyeupe, anatabasamu.

"Mke wangu Hanifa," akasema, "nyumba hii…"

Akaganda. Mdomo wazi.

Picha ikazimika, na hapohapo chumba kikajaa harufu ya mafuta ya karafuu. Yale aliyokuwa akijipaka mgongoni kila usiku.

"Bibi… unasikia harufu?" Hanifa akauliza.

"Nyamaza," nikamwambia. Maana niliisikia.

Lutengano akairudisha diski mtungini haraka. Wazee walikuwa wamekwisha fika barazani, na Ahmada mbele yao, kanzu imepigwa pasi hadi inakata.

"Baada ya sala ya isha itakuwa imepoa vizuri," fundi akawaeleza. "Nina imani itamaliza."

"Na isipomaliza, fundi?" Ahmada akauliza, kwa upole kabisa.

"Basi ndio mwisho. Nakala nyingine hakuna."

"Masikini shemeji yangu," akasema Ahmada.

Wanaume wakapanga safu barazani. Hanifa akaenda jikoni. Lutengano, ambaye ni Mkristo wa Moravia kama mimi, akatoka nje kunyoosha mgongo. Mimi nikaachwa kwenye mkeka, ukumbini, nilinde mlango wa chumba. Ukimpa mbea kazi ya kulinda mlango umempa sikukuu.

Umeme ukakatika.

Giza. Sauti ya imamu ikaendelea kule nje, taratibu. Kyela unaijua, hata usiku joto linakukalia kama kifuniko cha sufuria. Lakini pale mkekani nilihisi baridi. Ilianzia miguuni. Ikapanda magotini. Ikanipumulia shingoni.

Sisi Wanyakyusa tunaiita embepo. Ukimdhulumu ndugu yako, waliokasirika wanakusema, walio hai na waliozikwa chini ya migomba, na pumzi zao zinakushukia kama baridi. Marehemu mama yangu aliniambia: ukiisikia na hujamkosea mtu, tulia. Haikutafuti wewe. Inapita tu.

Nikatulia. Nikajikagua upesi, nani nimemsengenya wiki hii. Wengi… lakini kudhulumu, hapana.

Ndipo kitambaa kikanigusa goti.

Kanzu. Mtu asiye na viatu alinipita, akaingia chumbani. Hakujua kwamba nipo. Nikaziba mdomo kwa khanga.

Mchanga ukachakarika. Chaka… chaka…

Kimya.

Tik.

Diski imo mtungini, imefungwa nailoni, haina waya, na umeme haupo.

Tik… tik…

Harufu ya karafuu ikatoka mlangoni, nzito. Kisha mnong'ono, sauti ya mtu mzima inayotetemeka kama ya mtoto.

"Kaka… niachie."

"Kaka, nakuomba… niachie mkono."

Nilipiga yowe, nadhani hata watu wa kule Ipinda walilisikia. Sala ilikuwa imemalizika. Wakaja mbio wote, tochi za simu, chemli, Hanifa na mwiko mkononi. Wakammulika.

Ahmada amepiga magoti. Mkono wa kulia umo mtungini mpaka karibu na kiwiko. Wa kushoto umeshika sumaku, ile kubwa ya kutoa kwenye spika.

Lutengano aliiona, akaguna. "Ungeipitisha hiyo kwenye diski, tusingeona tena kitu. Ndiyo maana uliuliza isipomaliza itakuwaje." Akainama. "Haya, fungua ngumi, mzee wangu. Umeing'ang'ania diski, ndiyo maana mkono hautoki. Iachie."

"Nimeiachia!"

"Nyoosha vidole."

"Nimevinyoosha! Sijashika kitu mimi!" Macho yalikuwa yamemtoka. "Mimi ndiye nimeshikwa!"

Vijana wawili wakamvuta. Mtungi ukainuka pamoja na mkono, mchanga ukimwagika, haukuachia. Kwenye mwanga wa chemli niliona pumzi ya Ahmada ikitoka kinywani kama moshi. Kyela! Watu wakarudi nyuma mpaka ukutani.

Mzee Badru, mkubwa wa ukoo, akasogea na bakora yake. Hakupaza sauti.

"Ahmada. Siku ya Idi ulisikia nini?"

"Sikumbuki…"

Tik, ukasema mtungi.

Akalia. Safari hii hakulia vizuri, alilia kwa kamasi.

"Alisema nyumba ni ya Hanifa! Amempa, akiwa mzima! Nilisikia, nikashuhudia. Nashuhudia, kaka! Mbele ya wote hawa, nashuhudia!"

Mkono ukatoka. Laini, kama unautoa kwenye unga.

Ulikuwa mtupu, vidole vimenyooka. Kifundoni palikuwa na alama nyekundu.

"Mdomo wa mtungi umemkwaruza," akasema Lutengano, lakini hakunitazama. Mdomo wa mtungi ni duara, huacha mviringo mmoja. Mimi nilihesabu alama nne upande mmoja na moja nene upande wa pili.

Hanifa akaketi chini palepale, mwiko mapajani.

"Fundi," akasema Mzee Badru, "itoe diski hiyo, tumalizie kumsikia marehemu."

Lutengano akachungulia mtungini. Akakunja shati mpaka begani… akalikunjua tena. Akamtazama Mzee Badru. Mzee Badru akanitazama mimi, mwenye mtungi. Nami nikamtazama Ahmada, ambaye mkono wake ulikwisha pajua humo; alikuwa bado amepiga magoti mbele ya ukoo wake wote, sumaku mkononi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkaribia aichukue.